Shaba Iliyooshwa kwa Ndimu

Mafuriko ya Agosti 2017 yalimkuta Mselem nyumbani kwake Meyerland, kusini-magharibi mwa Houston, akinyanyua vitu kutoka sakafuni na kuvipandisha juu ya meza. Alinyanyua zulia, akanyanyua redio, akanyanyua msahafu wa marehemu mama yake na kuuweka juu kabisa ya kabati. Alipoinama kuvuta kisanduku cha sarafu kutoka mvunguni mwa kitanda, mkono wa kulia ukamkatalia. Badria, mkewe, alimwona akiutazama mkono ule kama mtu anayetazama kitu cha jirani. Kisha akamwona anakaa chini, taratibu, ndani ya maji. Kisanduku kikazama ubavuni pake.

Watu wasiowajua walikuja na boti ya kuvulia samaki, wakampitisha Mselem dirishani. Hospitali wakasema ni kiharusi. Ataishi, walisema, lakini upande wa kulia na ulimi vitachukua muda. Muda gani, hawakusema.

Maji yaliposhuka, Badria alirudi pamoja na binti yao, Jannat. Kuta zilikuwa zimevimba, friji limelala chali jikoni, na harufu ya choo imeingia hadi ndani ya mito. Kisanduku alikikuta chini ya godoro. Mselem alikuwa akilaza kila sarafu ndani ya kifuko cha pamba, kisha ndani ya bahasha ndogo ya karatasi. Pamba na karatasi vilikuwa vimeoza pamoja, na sarafu zenyewe zimekuwa madonge meusi ya tope. Badria alizifunga kwenye kanga, wakaenda nazo Sharpstown, kwenye fleti ya Jannat, ambako sasa ndiko walikolala wote.

"Maji yale yamechanganyika na ya vyooni," Badria alisema akizimwaga kwenye beseni. "Hii najisi. Babako hawezi kurudi akazishika hivi."

"Mama, just wait," Jannat alijibu kutoka sebuleni. "Si umuulize Uncle Gela kwanza?"

"Kuosha shaba nikaulize mtu?"

Badria alizaliwa Malindi ya Unguja, katika nyumba yenye masinia na mabirika ya shaba ya bibi yake. Kila sikukuu ilipokaribia, wasichana walikaa uani na ndimu na chumvi, wakasugua mpaka mtu aweze kuyaona meno yake kwenye sinia. Ilikuwa sifa ya binti kuwa na mkono wa shaba, na Badria alikuwa nao. Basi akakata ndimu, akamwaga chumvi, akachukua mswaki mpya. Tope likatoka, kisha weusi, kisha na ile rangi ya kahawia iliyokuwa chini ya weusi. Sarafu moja baada ya nyingine ikatoka kwenye beseni inang'aa kama mgongo wa samaki. Sura ya yule mwanamke mwenye nywele zilizotimka, aliyechorwa kwenye kila senti, ikajitokeza waziwazi. Tangu siku ya boti, Badria hakuwa amefurahi. Siku ile alifurahi.

Alizipanga juu ya taulo jeupe, akazipiga picha, akaituma Cedar Hill, karibu na Dallas, kwa Gelasius, rafiki wa mumewe. "Shemeji, tizama zilivyopendeza. Akiziona atapona."

Gelasius alikuwa mezani na mkewe Prudensia wakila chakula cha jioni. Aliitazama picha, akaikuza kwa vidole viwili, kisha akailaza simu kifudifudi juu ya meza.

"Kuna nini?" Prudensia aliuliza. "Mselem amezidiwa?"

"Hapana," alisema. "Ni kitu kingine." Na hakumaliza ugali wake.

Gelasius alikuwa Mhaya wa Bukoba aliyekuja Texas kusomea kemia ya metali, akajikuta anafanya kazi katika nyumba moja ya mnada wa sarafu mjini Dallas. Kazi yake ilikuwa kupima senti kubwa za shaba, zile ambazo Wamarekani walizipiga kuanzia mwaka 1793 hadi 1857. Kupima si kwa mizani tu. Unaishika sarafu ukingoni kwa vidole viwili, unaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha, unaangalia chapa imelika kiasi gani: nywele, jicho, majani ya nyuma. Unaipa alama, kuanzia moja hadi sabini. Halafu unauangalia uso wake. Imechimbika? Ina kutu? Rangi yake ni ile iliyokomaa yenyewe, au imepakwa? Kwa kila dhara unashusha alama, na kila alama inayoshuka inashuka na bei.

Mselem alikutana naye kwenye maonyesho ya sarafu ya Dallas. Gelasius alikuwa nyuma ya meza, akamsikia mteja mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono akinong'ona peke yake juu ya sarafu aliyoishika: "Hii wameipaka rangi, wallahi, hii." Gelasius akacheka, akamjibu kwa Kiswahili kwamba ni kweli, imepakwa, na tafadhali apunguze sauti maana mwenyewe yupo. Tangu siku ile wakawa ndugu. Mselem alikuwa na gari la kupeleka abiria uwanja wa ndege. Kila sarafu aliyonunua ilikuwa safari nyingi za alfajiri, na kila aliyonunua aliipeleka kwa Gelasius. Mara nyingi alipewa alama ndogo kuliko alivyotarajia, akakasirika, akarudi tena mwezi uliofuata. "Gela haniogopi," aliwaambia watu. "Ndiyo maana namwamini."

Sarafu aliyoipenda kupita zote ilikuwa ya mwaka 1799. Senti za mwaka huo ni adimu, na nyingi zilizobaki ni nyeusi na zimekwaruzika kama jiwe la kusagia. Ya Mselem ilikuwa imelika sana, lakini uso wake ulikuwa laini, wa kahawia kama ganda la ukwaju. Walikuwa wamekubaliana kwamba majira ya baridi yale wataziuza zote Dallas. Mselem na Badria wangemalizia nyumba yao ya Fuoni, Unguja, na kurudi. Sasa gari lilikuwa limezama, na nyumba ya Meyerland haikuwa na bima ya mafuriko. Sarafu ndizo zilizosalia.

Jumamosi Gelasius aliendesha hadi Houston. Alipita hospitali kwanza. Mselem alikuwa amelala na mdomo umevutwa upande mmoja. Alipomwona rafiki yake alijaribu kusema, ikatoka sauti tu. Gelasius alimshika mkono, akamweleza habari za mvua huko Dallas, akaondoka bila kutaja sarafu.

Fleti ya Jannat ilikuwa na harufu ya dawa ya kufulia na pilau. Badria alikuwa amezifunga sarafu kwenye kitambaa cha hariri. Gelasius alisogeza kiti dirishani, akatoa lenzi yake, akaanza. Hakuhitaji kuambiwa ni zipi. Aliijua ya 1794 kwa ufa mdogo karibu na tarehe, aliijua ya 1796 kwa alama ya kidole cha mtu fulani wa zamani, ambayo sasa haikuwapo. Zote zilikuwa za waridi, kama ngozi iliyomenywa baada ya kuungua. Chini ya lenzi kila moja ilikuwa na mikwaruzo midogo ya mswaki, maelfu, yote ikielekea upande mmoja. Alipofika kwenye ile ya 1799 aliishika muda mrefu.

"Zimependeza, au siyo?" Badria aliuliza. Lakini alikuwa ameshaanza kumtazama usoni.

"Shemeji," Gelasius alisema, "kaa."

"Nimekaa."

"Shaba ina ngozi. Ile rangi ya kahawia si uchafu. Ni ngozi iliyojiotea yenyewe, miaka mia mbili na zaidi. Ndiyo wanayoinunua watu. Ikitoka hairudi."

Badria aliitazama ile ya 1799 mkononi mwake. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kitu kichafu na kitu safi, kipi bora?"

"Kwa sinia, safi."

"Na kwa hizi?"

Gelasius aliirudisha ile ya 1799 kwenye kitambaa. Badria alivuta taulo lililokuwa mezani, akalikunja mara nne, akalikunjua, akalikunja tena.

"Zina bei gani sasa?"

"Theluthi. Nyingine pungufu ya hapo. Hii ya 1799 itapata mtu, kwa sababu mwaka wenyewe ni adimu. Lakini si ile bei tuliyoiongea."

"Kwa sababu yangu."

"Kwa sababu ya mafuriko pia. Tope lile lingezila hata kama usingeziosha."

"Usinifariji, shemeji. Umezipima au hukuzipima?"

"Nimezipima."

"Basi sema."

"Nyingi zingeweza kuokolewa," alisema Gelasius. "Kwa maji safi tu, na mafuta kidogo."

Badria aliinuka akaenda jikoni, akafungua bomba na kuliacha linatiririka. Jannat alimfuata. Gelasius alikaa na zile sarafu, akisikia maji na sauti ya Jannat ikisema, "Mama, you didn't know, hukujua." Aliporudi uso wake ulikuwa umelowa wote, kama mtu aliyetoka kutawadha.

"Asijue," alisema. "Mpaka apate nguvu. Niahidi."

"Sitamwambia mimi," Gelasius alisema. "Ni lako kumwambia."

Habari hazifichiki Sharpstown. Juma lililofuata alikuja Rogers, Mtanzania mwenye duka la dhahabu na sarafu kule Sugar Land. Wiki za mafuriko Rogers alikuwa amejaza gari lake maji ya kunywa, mablanketi na nepi, akazunguka kila fleti yenye watu wa Afrika Mashariki bila kuuliza dini wala kabila. Badria mwenyewe alikuwa amelala juu ya godoro alilolileta Rogers. Kwa hiyo alipoomba kuziona sarafu, alionyeshwa.

"Mama, usilie," alisema. "Rangi inarudishwa. Ipo dawa yake, na joto kidogo, na mafuta, na subira. Mimi nazichukua zote, nakupa karibu na bei ya zamani. Mzee atarudi nyumbani hana la kujua."

"Itarudi kama ilivyokuwa?"

"Itaonekana kama ilivyokuwa. Ila nitazipeleka mnadani Dallas, na kule kuna mtu mmoja tu anayezijua hizi kwa sura. Akizikuta mezani kwake, akae kimya. Hilo tu. Mwongelee, wewe ni shemeji yake."

Badria alimpigia Gelasius siku hiyo hiyo. Hakuzunguka. Alimweleza yote, hata jina la Rogers, akamaliza: "Sikuombi useme uongo. Nakuomba unyamaze."

Gelasius alikuwa kwenye maegesho ya magari nje ya kazini kwake. Jua lilikuwa kali, akaegemea gari lake lililokuwa la moto na hakuondoka.

"Zikija mezani kwangu, shemeji, nitasema nilichokiona."

"Hata kwa ajili ya Mselem?"

"Mselem ndiye aliyenizoesha hivyo."

"Sikiliza," Badria alisema. "Vile ni vyuma. Vimekufa kabla babu wa babu yako hajazaliwa. Mume wangu yu hai, amelala pale hawezi kushika kijiko. Wewe unamwonea haya nani? Mwanamke aliyechorwa kwenye senti?"

Alikata simu kabla hajajibiwa.

Gelasius alifika nyumbani akamsimulia Prudensia. Yeye alikuwa muuguzi, amezoea kusikia mabaya bila kupiga kelele. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na kama ungesema sarafu za rafiki huzigusi?" aliuliza. "Apime mwenzako. Hapo umeongopa wapi?"

"Nitakuwa nimejua."

"Unajua mengi na unanyamaza. Sote tunanyamaza. Badria atakula nini, Gela?"

Hilo lilimwingia. Alizunguka nalo siku mbili, akiwa kazini, akiwa kanisani. Alijiambia kwamba haki bila huruma ni ukatili, kisha akajiambia kwamba hayo ndiyo wanayosema watu wote kabla ya kufanya jambo baya. Mwishowe akaamua. Asubuhi ya Jumatatu alichukua simu ili amwambie Badria kwamba hatazigusa sarafu zile, atamwachia mwenzake, na Rogers afanye atakavyo. Simu iliita bila kupokelewa.

Haikupokelewa kwa sababu Badria alikuwa Sugar Land, dukani kwa Rogers, na kisanduku mapajani. Rogers alikuwa amemwekea chai. Ili kumtoa wasiwasi alikwenda nyuma akaleta picha ya sarafu moja kwenye simu yake.

"Hii nayo ilikuwa imesuguliwa. Nimeifanya mwenyewe. Itazame sasa."

Ilikuwa nzuri. Kahawia nzito, imetulia. Badria hakuona tofauti yoyote.

"Ulimwuzia nani?"

"Mzee mmoja mstaafu, yuko Katy. Kafurahi mno. Kila akipita hapa ananishukuru."

"Anaijua habari yake?"

Rogers alitabasamu. "Mama. Ana furaha. Ya nini kumwondolea?"

Badria aliitazama picha ile. Baadaye alimsimulia Gelasius kwamba wakati ule hakufikiri juu ya dhambi wala sheria. Alimfikiria Mselem amekaa ukingoni mwa kitanda baada ya kazi, na viatu bado miguuni, ameshika senti moja mbele ya taa na hasemi kitu, na yeye Badria amesimama mlangoni anamwita chakula kinapoa. Akawaza kwamba huko Katy labda kuna mwanamke anasimama mlangoni vilevile.

Akafunga kisanduku.

"Rogers, Mungu akulipe kwa maji na magodoro," alisema. "Nisingekuwa na pa kulala. Lakini hizi nazirudisha."

"Kwa nini, mama? Nimekosea wapi?"

"Nimeziharibu mimi. Mwanangu, nikikuachia, nitakuwa nimeziharibu mara mbili."

Rogers alimsindikiza hadi garini. Hakukasirika, alionekana kama mtu aliyehuzunika kwa dhati. Jannat alisema ndiyo mara ya kwanza kumwona mama yake amekaa wima tangu mafuriko.

Gelasius alipompata kwa simu jioni, alianza kwa kusema amefikiri sana na amekubali kujitoa. Badria alimkatiza.

"Usijitoe. Njoo Jumamosi. Naenda kumwambia, na sitaki kwenda peke yangu."

Mselem alikuwa amehamishiwa hospitali ya mazoezi. Alikuwa anaweza kukaa kitini, na maneno machache yalikuwa yamerudi, mengine mahali pake na mengine siyo. Maji aliyaita mlango. Badria alimwekea kisanduku mapajani, akakifungua. Gelasius alisimama karibu na dirisha.

Mselem alitazama. Mkono wa kushoto ukaingia ndani, ukapapasa, ukatoka na ile ya 1799. Aliishika ukingoni kwa vidole viwili, kwa shida, akaiinamisha kwenye mwanga kama alivyofanya siku zote. Aliitazama upande mmoja. Akaigeuza kwa kuilaza kwenye paja, akaiokota, akatazama upande wa pili.

"Na... nani?"

"Mimi," Badria alisema. "Ilikuwa na najisi ya mafuriko. Nikaziosha kwa ndimu. Nilitaka uzikute safi."

Akasubiri. Mselem alimtazama mkewe, kisha akamtazama Gelasius, na Gelasius akatikisa kichwa polepole kuonyesha kwamba ndivyo, hakuna namna. Mselem akairudisha sarafu kisandukuni. Akageuza uso ukutani.

Hakusema naye siku ile, wala kesho yake, wala zile zilizofuata. Badria aliendelea kwenda. Alimlisha, alimfuta mdomo, alimkata kucha, alimsomea Yasini. Mselem alifungua kinywa kijiko kilipokuja, na macho yake yalikuwa mahali pengine. Mwalimu wa mazoezi ya kusema alilalamika kwamba mgonjwa amerudi nyuma. Picha za kikombe na paka anazotakiwa kuzitaja hazitaki. Jannat alimlaumu Gelasius kwa Kiingereza, kwenye korido, kwamba ukweli wake umemwua baba yake. Gelasius hakujitetea. Hakuwa na hakika kwamba binti amekosea.

Alirudi Jumamosi nyingine hata hivyo, na nyingine. Mara ya tatu Mselem alinyoosha kidole cha kushoto kuelekea kabatini, kilipokuwa kisanduku.

"Pima," alisema.

"Nizipime?"

"Si... sisi."

Gelasius alivuta meza ya chakula, akatandaza kitambaa. Alimpa ya kwanza, ya 1794. Mselem aliishika kwenye mwanga, na uso wake ukaanza kufanya kazi. Ungeona neno linavyotafutwa ndani kwa ndani, kama mtu anayetafuta funguo gizani.

"Ish... ishirini."

"Chapa ishirini. Nakubali," Gelasius alisema. "Na uso?"

Badria alikuwa kwenye kiti cha pembeni, bakuli la uji mkononi, na hakuthubutu kulisogeza.

"Ime... ime..." Mselem alifumba macho. "Imesuguliwa."

Lilikuwa neno refu kuliko yote aliyoyasema tangu mafuriko. Alilisikia mwenyewe. Akafumbua macho, akamgeukia mkewe, na upande mmoja wa mdomo wake ukapanda.

"Sana," akasema.

Badria alicheka, na kicheko kikavunjika katikati kikawa kilio. Alilia na bakuli la uji mkononi, likimmwagikia, na Mselem akanyoosha ule mkono mzima, wa kushoto, akalishika lisianguke.

Wakapima zote, siku ile na Jumamosi zilizofuata. Nambari zilikuwa mazoezi mazuri kuliko paka na kikombe. Mwalimu mwenyewe alikiri. Wakati mwingine Mselem alipinga. Gelasius akisema kumi, yeye anasema nane, "nane, nane," mpaka Gelasius atazame tena. Hakuzipendelea kwa kuwa ni zake. Walipofika ile ya 1799 alishusha alama chini kabisa kabla Gelasius hajafungua mdomo, akaisukuma pembeni na kuomba inayofuata. Ilipokwisha ya mwisho alibaki anatazama mkono wake wa kulia uliolala mapajani.

"Na mie?" aliuliza. "Ngapi?"

Gelasius alikuwa na lenzi mkononi. Aliiweka chini.

"Wewe huuzwi," Badria alisema. "Kula uji."

Sarafu ziliuzwa Dallas mwanzoni mwa 2018, chini ya jina la nyumba ile ya mnada, na kila moja ilielezwa kama ilivyo: imesuguliwa, rangi si yake. Hazikuleta pesa ya kumalizia nyumba ya Fuoni. Badria aliajiriwa kwenye nyumba ya kutunza wazee karibu na Bellaire, na miguu ilimvimba kila jioni. Ile ya 1799 aliinunua mwalimu wa shule huko Fort Worth, ambaye alimwambia Gelasius kwamba amekuwa akiitamani sarafu ya mwaka ule tangu ujana wake, na kama ingekuwa na rangi yake asingeimudu kamwe. Gelasius alimsimulia Mselem. Mselem alisikiliza, akaomba arudiwe tena sehemu ile ya ujana.

Mselem hakuendesha gari tena. Alitembea kwa fimbo hadi msikitini na kurudi, na alikaa mezani kwa Jannat akipokea picha ambazo Gelasius alimtumia kutoka kazini, sarafu za watu wengine, ili amwulize anaonaje. Alijibu kwa sauti, maana kuandika kulimshinda. Majibu yake yalikuwa mafupi na mara nyingi ya kukatisha tamaa.

Alifariki Januari 2020, kiharusi cha pili, akiwa amelala mchana. Gelasius na Prudensia walifika kesho yake, kabla ya sala ya Alasiri. Jeneza lilipotoka msikitini wanaume walimpa Gelasius nafasi, akaingiza bega lake chini pamoja na wengine, Mkristo wa Bukoba kati ya Wazanzibari, na hakuna aliyemwuliza. Rogers alikuwapo, amebeba maji ya watu. Badria, aliyebaki nyumbani na wanawake, alimwita Gelasius mlangoni alipokuja kuaga.

"Alikusubiri jana ujibu," alisema. "Ile picha uliyomtumia. Alisema umeipa alama nyingi mno."

"Nilimpigia mchana, hakupokea."

"Alikuwa keshalala."

Ilikuwa senti ya 1803 ya mteja mmoja wa Arlington. Gelasius alikuwa ameipa kumi na tano. Ujumbe wa Mselem ulikuwa bado kwenye simu: kikohozi, pumzi, kisha, "Kumi na mbili, Gela. Tizama chini ya sikio."

Aliporudi kazini aliitoa kwenye sefu, akaipeleka dirishani, akaiinamisha. Chini ya sikio, palipokuwa na kivuli, uso wa shaba ulikuwa umeliwa na kutu nyembamba ambayo hakuiona mara ya kwanza. Akafuta kumi na tano, akaandika kumi na mbili.